Siku Nilipomuovateki Bibi Harusi

Wasomaji, chekeni polepole, kidonda bado kibichi. Nilipata leseni mwaka huu, wa pili tangu Uhuru. Mwalimu wangu wa udereva alinifunza Kizungu kimoja kitamu: "Kuovateki ni kumfikia aliye mbele, kumpita, na kurudi mstarini." Nani hapitwi, hakuniambia. Basi Kisumu nzima sikubakiza mtu mbele yangu, hata mikokoteni.

Jumamosi bosi wangu alikuwa akimwoza binti yake kule Bondo. Msafara wa magari ulitambaa kutoka Otonglo, mimi mkiani nikimeza vumbi. Uvumilivu ukanishinda. Nikapiga honi, nikawaovateki wote, hata gari lililopambwa maua. Bosi nikampungia mkono.

Kanisani akina mama walikuwa wakingoja, wakijua gari la kwanza ndilo la bibi harusi. Waliponiona, vigelegele vikapaa, kwaya ikaanza, leso zikatandazwa mpaka mlangoni mwangu. Mama mmoja akafungua, akachungulia, akatukuta mimi na jogoo wa zawadi.

"Bwana," akauliza, "bibi harusi ni nani kati yenu?"