Komenti

Mwaka 2014 nilikuwa fundi cherehani sokoni Kasulu. Siku za soko, pembeni yangu aliuza vitenge mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu. Alikuwa anamtafuta mdogo wake wa kike, waliyepotezana naye vitani. Picha yake alikuwa nayo moja tu, msichana kavaa gauni jeupe. Nikaipiga picha kwa simu yangu, nikaiweka mtandaoni na kuandika: anayemfahamu dada huyu atuambie.

Chini ya picha kulikuwa na neno "Comment". Mama yule alisoma Kifaransa kidogo, akalitamka kwa Kifaransa, komaa, ambalo kwao maana yake ni imekuwaje.

"Iko inaniuliza vile tuliachana," akasema. "Andika, kaka, nitaieleza."

Akaanza habari ya daraja, risasi, na mkono ulioponyoka. Ilibidi nimkatize.

"Hapana mama, hicho ni Kiingereza. Ni komenti. Maneno ya kupita tu, mtu anasema lolote."

"Lolote? Juu ya mudogo yangu?"

Nikainamia cherehani yangu. Kwetu Waha, ukimkuta mtu aliyepotelewa unakaa kwanza, ndipo unasema.

Komenti zikaja. Mtoto mkali. Naomba namba. Gauni hilo kashona nani? Zilinichefua, tena sana, lakini kila siku ya soko alikuja kuuliza, nami nikawa napekua upuuzi wote ule kutafuta neno moja la maana.

Likaja. Mtu tusiyemjua aliandika: "Huyu si alishafariki? Tulimzika Uvira mwaka jana. Haya, RIP." Basi, hivyo tu, kama anayetaja bei ya nyanya.

Nilimsomea kwa sauti ndogo. Hakupiga kelele. Aliniambia nimwulize mtu huyo, mdogo wake aliugua nini, na nani alimlilia. Nikaandika, tukakaa kusubiri juu ya marobota yake ya vitenge. Yule mtu mpaka leo hajajibu.

Tukiwa bado tumekaa pale, simu ikalia. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Amejibu?"

Alikuwa mwingine kabisa, kijana wa huko huko mtandaoni. Ameandika: "Mzuri sana. Hana dada?"

"Anasema nini, kaka?"

"Anakupa pole, mama."

Akafuta machozi, akaniomba nimwandikie asante. Nikaandika.