Majina Niliyoyachanja Bilele

Mtu wa kwanza kuja kwangu Bilele, mtaa wa Bukoba mjini, aliondoka na nusu ya jina lake. Alikuwa utingo wa basi, mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuita abiria kutoka mtaa wa pili. Alikaa barazani kwangu, akanyoosha mkono, akasema niandike jina lote kwa herufi kubwa. Nilipomaliza herufi ya tatu akasimama. Alisema anasikia honi ya basi lake. Mimi sikusikia honi yoyote. Akaondoka na herufi zake tatu zinazovuja damu, na kila nilipomwona stendi baada ya hapo alikuwa amevaa shati la mikono mirefu.

Siku hizi vijana wanaita tatuu. Sisi tulisema kuchanja jina, ingawa sikutumia wembe. Nilikuwa na sindano tatu za kushonea, nimezifunga kwa uzi kwenye kijiti, na masizi ya taa niliyoyasaga mpaka yakawa laini. Sindano nilizichemsha kwenye kopo, ngozi nikaifuta kwa spiriti. Kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye aliipata jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Huko askari walichanjana majina ili mtu akifa ajulikane ni nani. Aliporudi nyumbani, watu waliitaka kazi yake kwa sababu nyingine: mapenzi, majivuno, au kuonyesha tu kwamba wamefika Bukoba mjini.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba Kamachumu na sikuchaguliwa kuendelea. Kitu kimoja nilichotoka nacho shuleni kilikuwa mwandiko. Mwalimu alipochoka alinipa chaki nimwandikie ubaoni, na wanafunzi hawakujua kama aliyeandika ni yeye au ni mimi. Kwa hiyo mjomba aliponikabidhi sindano nilijiona nimeshafuzu.

"Sindano utaizoea kwa wiki moja," aliniambia. "Watu hutawazoea."

Nilidhani anataka tu kuikuza kazi yake. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa namkumbuka kila siku. Alikuja mtu amekunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, damu ikawa haikatiki, naye anacheka. Alikuja mwingine na ndugu zake wanne, wakabishana kwa Kihaya juu ya upande wa mkono, na kila mmoja akanishika kiwiko kunielekeza. Alikuja mwanamume aliyetaka simba. Nilimwambia nachora herufi tu, akasema aliyejua herufi hashindwi na mnyama. Nilimchora. Alimtazama mnyama wake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama mbwa huyo anauma.

Lakini tabu kubwa haikuwa hiyo. Wengi wa waliokuja kwangu hawakujua kusoma. Walinitajia jina kwa mdomo, nami niliandika kwanza kwenye kibao cha mawe, kile cha shule, nikawaonyesha kabla ya kugusa ngozi.

"Ndivyo?" nilikuwa nauliza.

"Ndivyo hasa," walijibu, na baadhi yao wamekishika kibao juu chini.

Halafu kulikuwa na L na R. Kwetu Uhayani herufi hizo mbili ni watu wa nyumba moja. Ulimi unachukua iliyo karibu. Padri aliyebatiza aliandika moja, mama mzazi alitamka nyingine, na mtu aliishi na zote mbili bila shida yoyote mpaka alipokaa kwenye kigoda changu.

Siku moja ya mvua alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Kamachumu, mkulima wa kahawa, Mkatoliki, na rozari shingoni. Alikuwa ameuza kahawa yake na alitaka jina la mke wake kwenye mkono wa kushoto. Alilitamka kwa L.

"Mzee, linaanza na L au na R?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye uliyesoma. Unaniuliza mimi?"

"Cheti chake cha ubatizo unacho?"

"Kimo sandukuni kwake. Na yeye mwenyewe hajui kama nimekuja huku. Nataka aone tu."

Ningemwambia arudi akakitafute. Ndivyo fundi mzima angefanya. Lakini nilikuwa nimeshinda nabishana na watu tangu asubuhi, mvua inapiga bati, na huyu alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo aliyekaa kimya kama alivyotakiwa. Nikaandika L. Sijawahi kuchanja jina zuri kama lile. Kila mkunjo ulikaa mahali pake. Mzee hakukunja uso hata mara moja, na nilipomaliza aliondoka kwenye mvua mkono ameuacha wazi.

Haikupita muda mrefu elimu ya watu wazima ikapamba moto. Kila kata ilikuwa na madarasa, mengine shuleni, mengine makanisani, ya Walutheri na ya Wakatoliki. Mchana ukitoka shambani unakwenda kusoma, na balozi wa nyumba kumi anahesabu nani hakufika. Ulikuwa mpango mzuri na sina neno baya juu yake, ila hakuna aliyefikiria utanifanyia nini mimi. Watu walijifunza kusoma, na kitu cha kwanza walichokisoma kilikuwa mikono yao.

Walikuja mmoja mmoja. Mvuvi alidai nimemnyang'anya herufi. Seremala mmoja alikuja na hasira kwa sababu mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa, akamkunja shati, akawauliza wenzake kosa liko wapi, na bibi mmoja asiye na meno akalionyesha kwa kidole.

"Nilikuonyesha kibao," nilimwambia. "Ukasema ndivyo hasa."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuamini," akajibu.

Jibu hilo likaniongezea hasira. Nani alikosea? Mimi niliandika nilichokisikia. Wao walikubali wasichokijua. Lakini aliyekuwa na sindano nilikuwa mimi, na masizi yakishaingia chini ya ngozi hayatoki kwa maji wala kwa msamaha. Nikaanza kuwachukia watu kabla hawajafika. Nikimwona mtu anakuja huku anakunja shati, najifanya nachemsha sindano.

Ndipo asubuhi moja basi la Kamachumu likamleta yule mzee wa kahawa, safari hii na mke wake. Mama alikuwa mfupi, amevaa gomesi lililopigwa pasi, na daftari amelikumbatia kama kitabu cha sala. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akakaa. Kisha akamwambia mumewe akunje shati.

"Soma, mwanangu," aliniambia.

Nikasoma.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi ninaanza na R. Mwalimu amenionyesha, na cheti cha padri kinasema hivyo hivyo. Huyu wa L simjui."

"Nilimtajia vizuri kabisa," mzee akasema. "Yeye akaandika anavyotaka."

"Mzee, nilikuuliza," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Nilikuuliza kabla sijashika sindano. L au R?"

"Uliniuliza kitu nisichokijua. Asiyejua unamuuliza wa nini?"

Mama alituacha tubishane mpaka tukaishiwa. Halafu akaeleza, bila kupandisha sauti, kilichomleta. Wanawake anaosoma nao walikuwa wameuona mkono wa mumewe na kuusoma. Sasa kila akienda kisimani walimuuliza mke mdogo hajambo. Walimuuliza kama anapika vizuri na analala chumba kipi. Wiki ya kwanza alicheka nao. Wiki ya pili hakucheka. Jumapili iliyopita mtu alimuuliza hayo mlangoni mwa kanisa, mbele ya mama mkwe wake.

"Miaka ishirini na mitano nimekaa kwenye kibanja kile cha migomba," alisema. "Sijawahi kuwa na mwenzangu. Leo ninaye, na wewe ndiye uliyemleta."

Niliona aibu, lakini aibu ile haikuiondoa hasira, ziliketi pamoja. Nikasema labda L inaweza kugeuzwa R. Mzee akakubali upesi. Nikachukua kibao nijaribu: nikaandika L, nikaiwekea kichwa, nikaivutia mguu wa mshazari. Ule mkia wa chini haukuwa na pa kwenda. Nikajaribu tena, nikaunenepesha. Ikawa B. Mama aliinama akaitazama.

"Sasa huyo ni wa tatu," alisema.

Nikafuta kibao. Niliwaambia ukweli, kwamba haifutiki wala haigeuziki, na kama wanataka kunishtaki kwa balozi waende. Mzee alianza kuteremsha shati. Mama akamzuia. Alifungua daftari lake, akaliweka mapajani kwangu, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja.

Lilikuwa jina lake. R ilikuwa imelala kama mgomba uliosukumwa na upepo. Herufi zilizofuata zilipanda mlima, na ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha.

"Mchanje hili, mkono wa kulia," alisema.

"Sawa, mama. Nitaliandika vizuri, mtalipenda."

"Sikukuambia uliandike. Nimekuambia ulichanje. Nimeshaliandika."

Nilidhani hajanielewa. Nikamweleza kwamba ngozi si daftari, kwamba jina hilo litakuwa hapo mpaka mzee anaingia kaburini, na kwamba watu wakiuona mwandiko ule watasema ni wangu. Mwandiko ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani. Sikuwa na kibanja, sikuwa na shule ya mbele.

"Wakikuuliza, waambie ni wangu," alisema mama.

"Mama, herufi zimelala."

"Ndivyo ninavyoandika."

Mzee, ambaye mara ya kwanza hakukunja uso, safari hii alianza kunung'unika kabla sindano haijamgusa. Mkewe alimshika kifundo cha mkono akakilaza juu ya goti lake. Nikaanza. Sijawahi kupata kazi ngumu kama ile. Mkono wangu haukujua kwenda ovyo. Kila nilipofika penye kupinda ulijinyoosha wenyewe, na mama alikuwa amenikazia macho kama msimamizi wa mtihani.

"Umeunyoosha mguu wa R," alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Uache ulivyo."

Nikauacha ulivyo. Jasho lilinitoka kama mtu anayelima. Fundi cherehani wa baraza ya pili aliacha kushona akaja kusimama nyuma yangu, na kila nilipoweka herufi iliyopinda alitoa mguno mdogo wa huruma. Nilipomaliza, mama alisoma mkono wa mumewe kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo inacheza bila sauti. Kisha akalisoma tena kwa sauti, jina zima.

"Na huyu wa kushoto?" mzee akauliza.

"Huyo ni yule uliyekuwa naye kabla sijajua kusoma," mama akasema. "Mwache akae."

Mzee akacheka. Mimi sikucheka. Mama alitoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, ile tunayompa mgeni au mtu tuliyemaliza naye jambo, akaniwekea kiganjani. Akanishukuru, "Kasinge waitu," wakaenda kungoja basi. Niliiweka ile kahawa mfukoni bila kuitafuna. Nilikuwa na hasira mno.

Ningekuwa na akili, ningejua nini kitafuata. Mkono wa kulia wa mzee yule ulisomwa kisimani kama ulivyosomwa wa kushoto, na kabla msimu wa senene haujaisha basi la Kamachumu lilikuwa linaniletea watu wenye madaftari. Hawakutaka kuandikiwa tena. Kila mmoja alitaka mwandiko wake mwenyewe. Mwanamume mmoja alikuwa amekosea katikati ya jina, akakata, akaendelea. Nilimuuliza kama na ule mkato nauchanja. Alifikiri, akasema ndiyo, kwa sababu ndipo alipojifunza. Nilikaa barazani siku nzima nikinakili vilema vya watu wengine, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mimi najua kuandika.

Nilivumilia karibu mwaka. Halafu mwenyekiti wa kijiji kipya cha upande wa Kimwani, Muleba, alikuja mjini akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika vibao: cha ofisi, cha duka la kijiji, cha darasa, na kimoja kikubwa cha kuwakaribisha wageni njiani. Sindano nilimrudishia mjomba siku ile ile. Nilijiambia mbao hazina mke wala kisima.

Kimwani nilipewa rangi, brashi na ubao mkubwa ulioegemezwa kwenye ukuta wa ofisi. Nilipogeuka kuchovya brashi, nikakuta kamati nzima ya kijiji imeketi nyuma yangu kwenye majani, watu tisa, wote wametoka darasani mwezi ule. Niliandika neno la kwanza. Wakalisoma kwa pamoja, polepole. Mmoja akasema K ni nene. Mwingine akasema nafasi ya kabla ya U ni kubwa, mtu atafikiri ni maneno mawili. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliomba, kwa heshima kabisa, kama anaweza kuja kushika brashi kidogo.

Siku ile niliandika KARIBU mara nne, na jua lilipoanza kushuka walikuwa bado wanabishana juu ya B.