Fatiha Iliyotangulia Ukaguzi

Nikueleze kwanza kosa langu, maana huenda nawe uko ugenini, unajinyima ili upate nyumba kwenu, na sitaki ulirudie. Nilikubali bei, nikatoa arubuni na kuitikia Fatiha kabla sijatuma mtu kuikagua nyumba.

Muuzaji alikuwa mzee wa mtaani kwetu Tanga, aliyeishi Riyadh miaka mingi akiendesha gari la kampuni. Alikuja Jeddah akitoka umra, tukakutana mtaa wa Hindawiyah, chumbani kwa jamaa wa nyumbani. Mimi ni nesi kwenye zahanati moja mtaa wa Safa, nilikuwa nimetoka zamu. Akatuonyesha video ya nyumba yake kwenye simu: kuta nyeupe, vyumba vitatu, choo cha ndani. Choo hicho ndicho kilichoniteka. Mama yangu magoti yamekwisha, na alipopanga, choo kiko uani, kwa kushuka ngazi. Tena mwenye nyumba alishamwambia ahame.

Tukapatana milioni arobaini na nane za kwetu. Wazee waliokuwepo wakanyanyua mikono, Fatiha ikasomwa, nikatoa arubuni ya milioni tano. Kwetu Fatiha ikishasomwa, bei haiguswi. Anayeigusa ni mtu asiye na neno.

Wiki ya pili nesi mwenzangu akaniuliza nani ameikagua. Nikasema nimeona video. Akanitazama kama ninavyomtazama mgonjwa aliyejiandikia dawa mwenyewe. Ndipo nikamtafuta injinia mstaafu kule Tanga, akaenda na ngazi na nyundo.

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili na picha. Kenchi za paa upande wa jikoni zimeliwa na mchwa, ukibonyeza mbao kidole kinazama. Lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu, haina nondo za kutosha, kwa hiyo ukuta wa chumba kikubwa umepasuka kutoka dirishani hadi darini. Ufa umezibwa kwa plasta mbichi na kupakwa rangi. Matengenezo aliyakadiria milioni kumi na moja, na akaandika kwamba asilale mtu chumba hicho kabla hakijatengenezwa.

Chumba hicho ndicho nilichomchagulia mama.

Nilipiga simu Riyadh. Nilianza kwa upole, ndivyo nilivyo. Zahanati wagonjwa wanaokataa sindano huletwa kwangu. Nikamsomea ripoti mstari kwa mstari, nikamwomba apunguze bei kwa kiasi cha gharama ya matengenezo. Akasema nyumba zote zina nyufa, hata zile kongwe za Balad, huko Jeddah, zina nyufa na watu wanakwenda kuzipiga picha. Kisha akasema tumeshasoma Fatiha, akakata simu.

Kufika kesho yake Hindawiyah nzima ilijua kwamba binti fulani anavunja Fatiha. Mmoja wa waliokuwa chumbani siku ile akanitumia ujumbe wa sauti kunikumbusha heshima ya wakubwa. Niliusikiliza nikiwa nimeshika faili la mgonjwa. Mtu anapaka plasta juu ya ufa, halafu mkosaji ni aliyeuona! Sikula vizuri wiki ile. Mama akipiga simu kuuliza atahama lini, nilikuwa nasema bado kidogo, na kila nikisema hivyo hasira inapanda upya.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda ndege ya asubuhi kwenda Riyadh. Tulikutana kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Batha. Nilikuwa nimezichapisha picha, nikazipanga mezani mbele ya chai yake.

"Wewe nesi," akasema, "tangu lini ukapima nyumba?"

"Sipimi nyumba, Ami. Ila nalijua jipu lililofungwa bandeji ili lisionekane."

"Unanitukana."

"Nakueleza."

Na kweli nilimweleza, ingawa meno yalikuwa yanasagana. Nikamwambia Fatiha tuliisoma juu ya nyumba nzima, si juu ya ile iliyomo pichani. Mwenye kuuza kitu chenye ila huitaja ila yake. Hilo tulifundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, mimi na yeye. Basi apunguze, au arudishe arubuni, au picha hizi niwapelekee wazee walewale walionyanyua mikono.

"Mafi," akasema, kwa Kiarabu cha huku. Hakuna.

Nikaanza kukusanya picha. Moja akaikandamiza kwa kiganja, ile ya lenta iliyobomolewa kidogo kwa nyundo. Akaisogeza karibu na macho.

"Nondo ziko wapi?"

"Ndiyo ninayokuuliza wewe."

"Nilituma pesa ya nondo," akasema. "Nilituma mara mbili."

Ujenzi ulisimamiwa na mdogo wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani tangu ilipoezekwa. Ile video alitumiwa tu, kama sisi tulivyoonyeshwa. Nilimwonea huruma, sitakataa. Lakini hasira haikutoka. Wiki nzima aliniacha nitukanwe na watu, badala ya kumpigia ndugu yake simu moja ya kumuuliza.

Tukapatana apunguze milioni kumi. Safari hii nilitaka maandishi. Akaandika nyuma ya ripoti, akatia sahihi. Nikamtaka pia apige simu Hindawiyah nikiwa palepale. Akapiga. Aliwaambia, sauti ikiwa chini, kwamba binti hakuvunja kitu, nyumba ndiyo mbovu. Mimi nikampigia mama, nikamweleza kwamba nyumba ni yake, ila asihamie mpaka injinia aseme chumba kiko salama.

Nilipokuwa nasimama akaniomba namba ya huyo injinia.

"Ya nini, Ami? Mimi nitasimamia matengenezo."

"Ninayo nyumba nyingine, kule Pongwe. Ile nitakayorudi kuishi."

"Nani alikujengea?"

Akatoa kalamu. Nikamsomea namba polepole, tarakimu moja moja, naye akaiandika kiganjani.