Tonge la Mkono wa Kulia

Bibi yangu mzaa mama alinifunga mkono kila siku kwa karibu mwaka mzima, na si ule mbovu. Alifunga ule mzima. Baada ya uji wa asubuhi alichukua kipande cha kanga iliyochakaa, akaubana mkono wa kushoto kiunoni mwangu, akapiga fundo mgongoni nisikoweza kufika. "Haya, mke mwenzangu, leo mtume kazi yule mvivu." Nilimchukia. Nasema kweli, tangu fundo hilo mpaka adhuhuri nilimchukia.

Tulikaa Mbwawa, mimi na yeye tu, enzi za Mwingereza. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, kisha homa ikanipitia, ikaniacha na mkono wa kulia uliolegea. Baba alikuwa tarishi wa boma kule Kisarawe, ana mke mwingine. Aliniacha kwa bibi kwa maneno ambayo kila mtu aliyarudia mbele yangu: mkono ukifaa nitamchukua mwanangu, usipofaa, nani atamlisha huku? Kwetu mtoto ni wa baba, hakuna wa kubishana naye.

Kwa hiyo nilijua mapema. Mkono ukipona, naondoka. Sikutaka kwenda kwa mwanamke nisiyemjua. Nilitaka kubaki palepale, kwa bibi. Na bibi huyohuyo ndiye aliyekuwa akinisukuma nje, kidole kwa kidole.

Alinipa nazi iliyokunwa niikamue. Mwanzoni haikutoa hata tone, naye hakunisaidia. Tulikula kunde zisizo na tui, siku baada ya siku. Alificha njugu mawe ndani ya chungu cha mpunga, akanifumba macho kwa kiganja chake, nizitafute kwa kupapasa. Nilizopata zilikuwa zangu. Alileta udongo mbichi kutoka bondeni nifinye matonge, na kila tonge liwe na shimo la dole gumba, kama la mtu anayetaka kuchovya mchuzi. Kula ndiko kulikokuwa mtihani wenyewe. Mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haina nafasi kwenye sinia. Anayekula kwa kushoto hula peke yake, au hulishwa.

Jirani mmoja alipita akanikuta nalia mbele ya udongo. "Mama, unamtesa yatima," alisema.

"Udongo uwahi ungali maji," bibi akajibu, hata uso hakuinua.

Nikamrushia tonge, likampiga begani. Alilibandua taratibu, akalitazama. "Hili limerushwa na mkono gani?" akauliza, akacheka mpaka akakaa chini. Sikucheka. Nilikuwa nimejisaliti mwenyewe.

Baada ya Idd zikaja habari kwamba shangazi, dada yake baba, anakuja kunitazama. Usiku huo usingizi haukunipata sawasawa, lakini nilipoamka nilikuwa na shauri langu: nitadondosha wali mkekani mbele yake, arudi Kisarawe peke yake. Asubuhi hiyo bibi hakunifunga. Alipika kimya, na alipopika kimya mimi niliogopa.

Shangazi alifika mchana, mwanamke mpana mwenye buibui jipya na vumbi la njia miguuni. "Shikamoo, mama," alimwamkia bibi, na mimi nikamwamkia yeye.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akaniitikia. "Na mkono je?"

"Utajionea," bibi akasema.

Tukaketi kulizunguka sinia la wali wa nazi na kuku. Nikasema bismillahi, nikatia mkono wa kulia, nikaokota wali, na ulipofika kifuani nikaulegeza. Wali ukamwagika wote mkekani.

Shangazi akashusha pumzi, na niliona kabisa kwamba amepata nafuu; amepunguziwa mzigo. Akafinyanga tonge lake, akalileta mdomoni mwangu. "Achama, maskini. Wa kulishwa ni wa kulishwa, hata akizeeka." Bibi alikuwa amekodolea sinia macho, nikadhani ameona aibu.

Ningeachama tu, mambo yangekwisha. Nilikuwa nimeshinda. Lakini lile neno, maskini, na kile kidole chenye hina kikinigusa mdomo, vilinipandisha hasira mpaka masikio yakawaka. Nikageuza uso. Nikakusanya wali kwa mkono wa kulia, nikaubana, nikatia dole gumba, nikachovya mchuzi, nikala. Haikuanguka punje. Nikafinyanga tonge jingine huku nimemkazia macho, nikala na hilo.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema polepole. "Basi mama, mtoto ni mzima. Kaka aliniagiza nikimkuta mzima nisirudi bila yeye. Mfungie nguo zake, tusikose lori."

Nilimfuata bibi chumbani. Alikuwa anakunja magauni yangu, nami nikasimama mlangoni. Sikuwa na wa kumlaumu ila yeye.

"Kama ulijua watanichukua, kwa nini ulinifundisha?"

"Mimi nitakufa, mwenzangu. Mkono utabaki nao." Alikunja gauni lililokwisha kunjwa, akalikunjua, akalikunja tena. "Lakini ule wali wa kwanza ulipomwagika nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mno."