Mche wa sabuni nyuma ya droo

Leo Jumamosi, mwaka wa arobaini na tisa tangu niondoke Kirumba, Mwanza, nimeumbuliwa na kabati.

Ni kabati la mama, nililohama nalo. Nilitaka kuligeuza rafu ya viatu. Fundi mimi, na msumeno wa kuazima.

Nikang'oa droo. Nyuma yake kuna mche wa sabuni, mgumu kama mawe ya Mwanza.

Enzi zile za foleni kwenye duka la ushirika, mimi ndiye niliyeuficha pale, wageni wasiuone. Nikasahau. Ulipotafutwa, nikamwambia mama kuwa mdogo wangu Minza ameugawa kwa rafiki zake.

Akachapwa.

Nimempigia simu huko huko Kirumba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ile sabuni nimeiona. Niliificha mimi."

"Na mashati yako nikayafua kwa majani ya mpapai mwezi mzima."

"Nisamehe, Minza."

"Ilete mwenyewe. Nitakusamehe ukiwa mbele yangu."

Nikasema nitakuja.

Simu yake ni ya vitufe, hili ninaloliandika mtandaoni hatalisoma. Ninyi mngemjibuje?

Uso wa kumtazama sina. Mwanza sirudi tena.