Mchi wa Mjerumani

Jumapili iliyofuata mazishi ya mdogo wangu, ukoo ulikutana nyumbani kwetu Machame kuamua kama mke wake abaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, au arudi kwao. Hakuna aliyesema hivyo waziwazi. Walisema tu kwamba kuna mazungumzo, na kwamba mimi niliyepanda kutoka mjini nikae karibu na mama.

Mdogo wangu aliuawa na kitu tulichokua nacho tangu utotoni. Kilikuwa chuma kizito, kinene chini, kilichochongoka juu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi vidole. Babu alikuja nacho kutoka Kahe alipokuwa kijana, akiwabebea Wazungu mizigo katika vita vyao vya kwanza. Kwa umbo lake, nyumbani kilipewa jina la mchi wa Mjerumani, ingawa hakuna aliyewahi kutwangia kitu. Ulikaa bandani kuuzuia mlango usibamizwe na upepo, na sisi watoto tuliukalia tukisubiri maziwa. Babu alituachia sharti moja: mchi wa Mjerumani hauoti moto. Tulilichukua kama mwiko, na alipofariki tuliendelea kulishika bila kuuliza.

Kisha bei ya chuma ikapanda. Wanunuzi wa vyuma chakavu pale Kwa Sadala walisema ni vita vya Ulaya, kwamba viwanda vya huko vinameza chuma chote na vya kwetu vya nondo vinagombania masalia. Sijui walikuwa sahihi kiasi gani. Najua kwamba mashine za kumenyea kahawa, zilizokaa migombani kwa vizazi, zilishuka mlima zimefungwa kwenye pikipiki, na kwamba mdogo wangu, ambaye kahawa haikuwa ikimlisha tena, alikuwa mmoja wa walioziteremsha. Siku alipoteremsha mchi, yeye na wanunuzi waliamua kuukata kwa gesi waone kama ndani kuna shaba. Yeye ndiye aliyeushikilia.

"Mwiko umevunjwa," alianza baba mdogo. "Swali ni nani alimtuma kijana."

Shangazi hakungoja. "Si anajulikana? Kuna mtu hapa alitaka jiko la gesi. Kuni zinamchafua kucha."

Wengine walicheka puani. Wifi yangu alikuwa kwenye mkeka, amejifunika kanga hadi usoni.

"Baba mdogo, naomba kusema," nilidakia.

"Sema, mwalimu. Ila hapa si darasani."

"Ule haukuwa mchi. Lilikuwa kombora la mzinga. Limetengenezwa kiwandani, limejazwa baruti. Halijui mwiko wala mke wa mtu. Lilipopata moto, lilifanya kazi liliyotengenezewa."

"Tangu vita vya babu?" Shangazi aliguna. "Kitu gani cha kiwandani kinadumu hivyo? Birika langu la mwaka jana limeshatoboka!"

Safari hii walicheka kwa sauti.

Mimi sikuweza. Nimefundisha historia ya vita vile miaka mingi, nikiandika ubaoni malighafi, masoko, makoloni, na wanafunzi wakinakili. Mahali fulani mtu alisimama kwenye mashine, huenda mwanamke, kwa kuwa wanaume walikuwa wamekwenda vitani, akakaza kifuniko cha chuma kile, akakikagua, akaridhika, akachukua kingine. Birika letu linatengenezwa litoboke ili tununue jingine. Kile kilitengenezwa kwa uangalifu wote ambao binadamu anao. Kahawa ya mlima huu ilikwenda huko gunia kwa gunia, na kilichopanda mlima kuja kwetu, kikakaa mlangoni, ni kile.

"Kwa hiyo babu yenu alijua?" Mama aliuliza.

"Nadhani alijua, mama. Ndiyo maana hakutaka uwe karibu na moto."

"Na akauweka bandani. Nimekamua ng'ombe pale tangu nimeolewa."

"Shemeji," baba mdogo alikohoa, "mzee hakuwa na nia..."

"Alijua, akasema mwiko. Angesema bomu tungemwelewa." Mama alimgeukia shangazi. "Na huyu mnayemtazama hakumtuma mtu. Niliyemtuma ni mimi. Ulinigonga ugoko, nikamwambia mwanangu, toa lichuma hili, kauze. Haya. Mnaniondoa mimi?"

Baba mdogo aliomba tufunge kwa sala, na watu wakainuka kabla chai haijamiminwa.

Wifi yangu amebaki kwenye kihamba. Sijawahi kumuuliza mama kama ni kweli alimtuma, na sidhani kama nitamuuliza. Jioni ile, kabla sijashuka mjini, nilikwenda bandani kuaga. Upepo ulikuwa unavuma. Wifi alikuwa anakamua, na mama ameketi chini pale mchi ulipokuwa, akiuzuia mlango kwa mgongo wake.