Sauti ya Matanga Kwenye Materinite

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuwafanya wajawazito wa Kalemie waipende kliniki moja ya binafsi iliyo karibu na reli. Daktari mwenye kliniki alikuwa amejenga materinite mpya, vitanda vipya, kuta rangi ya waridi, na hakuna mwanamke aliyekuja kuzalia humo. Alitaka mawasiliano ya kisasa. Mimi nilikuwa nimesomea mawasiliano Lubumbashi, na nilijua kila kitu kuhusu kazi hiyo isipokuwa mahali pa kuanzia.

Kabla yangu alikuwa ameshamwajiri msemaji wa kliniki, mzee mmoja aliyetoka redioni, ambaye sote tulimwita Papa. Mji mzima ulimjua, ingawa wachache walimjua kwa sura. Kwa miaka mingi ndiye aliyesoma matangazo ya vifo kila jioni, na watu walinyamazisha watoto ili wasikie kama kuna wa kwao. Kisha zikaja foramu za simu, yale makundi ya WhatsApp. Familia zikaanza kutangaza misiba zenyewe, picha ya marehemu na mshumaa pembeni, bila kupitia redio, na Papa akabaki na kipaza sauti kisicho na maiti. Daktari alimchukua kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga, nami hupinga karibu kila kitu: "Hakuna nyumba Kalemie isiyoijua sauti hii."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyotuponza.

Odio ya kwanza ya tangazo tuliirekodi ofisini kwa simu yangu. Papa alikohoa, akakaa wima, akaanza: "Tunawajulisha ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, Kalemie, Nyunzu, Kongolo na Manono..." Nikamwomba awaondoe ndugu na jamaa. Akawaondoa. Haikusaidia. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya polepole, ikishuka mwisho wa kila sentensi kama sanduku la maiti linaloteremshwa kwa kamba. Tukaituma hivyo hivyo kwenye foramu zote za mji, kwa sababu Daktari alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu.

Majibu yalianza kabla sijaweka simu mezani.

"Poleni sana."

"Njo nani amekufa? Mega zimeniishia, sikusikia mpaka mwisho."

"Mazishi ni saa ngapi?"

Mama mmoja alipiga simu akilia. Nilimweleza kwamba hakuna aliyekufa, tunatangaza materinite tu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Amefia huko huko materinite?"

Tulijaribu tena. Profesa wangu alikuwa akisema kwamba tabasamu husikika hata kwenye simu, basi nikamwomba Papa aongee akitabasamu. Ilisikika kama marehemu amemwachia nyumba. Nikaweka muziki wa kuchezeka chini ya sauti yake. Foramu ya wauza samaki ikatuuliza ni mwanamuziki gani tumempoteza.

Nikamshauri Daktari tuachane na sauti, tuandike. Nilitengeneza tangazo safi sana, mtoto anacheka, maandishi ya buluu. Watu wakajibu: "Nani anasema haya?" Nilikasirika, halafu nikatambua kwamba hivyo ndivyo mimi mwenyewe ninavyojibu kila tangazo.

Wiki hiyo Daktari alimwita Papa mbele yangu. "Papa, mwezi ukiisha na vitanda viko hivi, sitaweza kukuweka. Kijana atabaki na mambo ya simu."

"Ndiyo, Dokta," Papa alijibu kwa sauti ileile, na kwa mara ya kwanza niliona inafaa. Alikuwa na watoto ambao bado walidaiwa minerval, ile ada ya shule, na umri wake haukuwa wa kuanza kuzunguka na bahasha ya kuomba kazi. Nilijaribu kufurahi kwamba mimi nabaki. Sikufaulu.

Kisha mvua kubwa ikakata barabara, na mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akashindwa kufika hospitali aliyoizoea. Akaingia kwetu akitukana mvua, akazaa msichana mzima kabisa. Papa akaenda getini kumpigia mume simu ya habari njema. Mpita njia akaisikia ile sauti nyuma ya ukuta ikitaja jina la mama mwalimu. Hakungoja zaidi. Asubuhi foramu zote zilikuwa zikilia: mama mwalimu amefia kliniki ya reli, pamoja na mtoto.

Niliandika kanusho na kulipiga muhuri. Jibu: "Kama ni uongo, kwa nini wanakana?" Nikatuma picha ya mama akimnyonyesha mtoto. "Picha ya zamani," akasema mmoja. Mwingine akachora duara jekundu kwenye kivuli cha kitanda kuthibitisha kwamba picha imetengenezwa.

Kufikia mchana dada zake walikuwa getini, vitenge vimefungwa kiunoni, wakiomboleza. Mama mwalimu akatokea barazani na mtoto mkononi.

"Dada, njo wewe?"

"Njo mimi. Mulileta chakula?"

Hawakuleta. Wakati huo foramu ya walimu ilikuwa ikichanga pesa za sanduku lake, na yeye alikuwa akiyasoma yote kwenye simu yake mwenyewe. Aliwaandikia mara kadhaa, wakamwambia aliyeiba simu ya marehemu airudishe. Akamgeukia Papa.

"Papa, si wewe unasomaka wafu?"

"Ndiyo, Mama. Na sijawahi kusoma mtu aliye hai."

"Basi waambie hukunisoma."

Papa aliichukua simu yangu. Safari hii sikumwelekeza chochote. "Mimi ndiye niliyewasomea wafu wenu," alisema. "Mama mwalimu sikumsoma. Yuko hapa, ana njaa. Siku nitakapomsoma, mtajua."

"Huo mwisho uondoe," mama mwalimu alisema.

"Imekwisha kwenda," nikamjibu.

Kisha mtu akaandika kwenye foramu: "Kama Papa hajamsoma, hajafa." Wengine wakaafiki. Jioni hiyo Papa aliulizwa kutoka kila upande kama fulani kafa kweli: mjomba wa Manono, jirani wa Nyunzu, bwana fulani ambaye mkewe alishuku amejificha tu. Daktari aliyaona, na mwezi ulipoisha hakumwondoa. Aliamua tu kwamba habari njema zote nitazisema mimi, na Papa atatumika kukanusha.

Wanawake wakaanza kuja. Sina hakika kwa nini, na sipendi kudai. Wa kwanza nilimwona nikiwa dirishani. Aliteremka kwenye pikipiki akijishika kiuno, na Papa akainuka kutoka kwenye kiti chake cha getini, akafungua kinywa kumkaribisha. Yule mama akainua mkono.

"Papa, ninakuheshimu sana. Lakini usinisalimie mpaka nizae."

Papa akafunga kinywa, akamwonyesha mlango kwa mkono mzima, taratibu, kama polisi wa barabarani.